Upindo wa Buluu

Siku Mbaruku alipomleta Bwana Afya ndani ya tenga la kuku, Mhina alikuwa karakanani kwake, Barabara ya Kumi na Mbili, akitia wekundu kwenye midomo ya bibi mmoja wa Makorora aliyekwisha kuzikwa.

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Wakati wa tauni ya panya kila paka wa mkoa wa Tanga, wa kufugwa na wa jalalani, alikamatwa akapachikwa punje nyuma ya jicho, kidude kidogo kuliko chembe ya ulezi, kinachohifadhi yote aliyoyaona kwa siku tatu. Wakubwa walitaka kujua panya wanapita wapi. Panya wakaisha, tauni ikaisha, lakini nani angehangaika kung'oa punje kwenye macho ya paka maelfu? Zikaachwa humo humo. Ndipo mjane mmoja wa Chumbageni alipouliza swali ambalo wasomi wote hawakulifikiria: kama paka wangu aliwaona panya, si alimwona na mume wangu?

Alimwona, naam. Ila paka haoni tunavyoona sisi. Jicho la mtu lina aina tatu za chembe za kupokea rangi. La paka, kwa kazi ya maana, lina mbili. Buluu anaiona. Manjano anaiona, ingawa imefifia. Nyekundu na kijani kwake ni mamoja, zote mbili humfikia zikiwa zimepauka kama maji ya mto baada ya mvua. Gizani anatushinda mbali sana, lakini mchana dunia yake imechuja, na kilicho mbali kimezingirwa na ukungu. Wafiwa walipoonyeshwa picha hizo waliangua kilio cha pili. Mama yetu hakuwa wa kijivu, walisema. Mrudishieni rangi yake.

Wakazaliwa watia rangi. Mhina alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na ndiye aliyeng'ang'ania kwenye chama chao ipitishwe sheria moja: kila rangi iwe na shahidi. Wafiwa walete nguo yenyewe, au aje mtu aliyeiona kwa macho yake. Pasipo na shahidi paachwe kijivu. Wenzake walimwita mkorofi, mtu wa kuwanyima watu faraja, na yeye akawajibu kwamba faraja ya kubuni ni wizi. Alikuwa na mdomo, huyu bwana. Mdomo wake ndio uliomfikisha hapa.

"Shikamoo, baba," Mbaruku alisema akiwa bado mlangoni.

"Marahaba. Karibu ndani."

Neno hilo, karibu, Mhina hakuwahi kumwambia mkwewe huyu binti yake akiwa hai. Mwasiti alipoacha chuo cha uuguzi ili aolewe na mchimba visima wa Korogwe, Mhina alisimama mbele ya majirani akasema: "Ukitoka na huyu, kizingiti changu usikivuke tena." Mwasiti hakukivuka. Miaka miwili. Kisha mto ukafurika alfajiri moja, ukaichukua nyumba yao na yeye akiwemo, na mumewe akiwa kambini Handeni. Mwili haukuonekana. Walimswalia swala ya ghaibu, wakafanya arobaini bila kaburi.

"Wameniletea huyu jana," Mbaruku alisema, akaliweka tenga chini. "Alikuwa kwa watu, ng'ambo ya mto. Walimtoa juu ya mnazi siku ile ya mafuriko. Majirani wakaja kumtambua kwa sikio."

Paka alitoka na sikio lake lililokatika, akazunguka karakana nzima akinusa kila chupa na kila kona. Mwasiti ndiye aliyempa jina la Bwana Afya, kwa sababu hakuna sufuria aliyowahi kuipita bila kuikagua.

"Punje ililowa maji," Mhina alisema baada ya kumpima. Sauti yake ilikuwa ya kazini, na aliishikilia hivyo hivyo kwa nguvu. "Ikilowa huacha kuandika. Ya nyuma hayafutiki. Siku tatu za mwisho ziko humu."

Mbaruku alitazama sakafu.

"Nataka kukuuliza kitu, mwanangu. Kanga tuliyomtumia. Aliivaa?"

"Mimi nilikuwa Handeni mwezi mzima, baba."

"Kanga nyekundu, ya korosho."

"Naijua. Lakini alikuwa nazo mbili. Dada yangu naye alimpa ya korosho hiyo hiyo, ya kijani. Ilikuwa imetoka msimu ule, kila mtu alikuwa nayo." Akamkuna paka kichwani. "Sijui alijifunga ipi. Wallahi, mimi sikuwepo."

Alikataa chai, akaondoka upesi. Mhina alidhani ni yale ya zamani bado yanamchoma, na hakumlaumu.

*

Wiki saba kabla ya mafuriko, Mhina alikwenda dukani mwenyewe. Mwanamume mzima alisimama kati ya wanawake akipapasa kanga, akachagua doti moja nyekundu. Mkewe Mwajabu akaikata vipande viwili, akavipinda, kimoja akakifukiza udi na kukituma Korogwe, cha pili akakiweka kabatini kwake. Ujumbe waliutunga pamoja: Mwanetu, ukituridhia, jifunge kipande hiki, na mama yako atajifunga chake.

Jibu lilikuja siku ya tatu kwenye simu ya Mwajabu. Imefika. Basi. Mwajabu alilisoma neno hilo kila siku kwa wiki saba, na baada ya mafuriko aliendelea kulisoma. Kipande chake hakukigusa. Atajifungaje, na hajui kama mwanawe aliondoka duniani amewasamehe au la?

Kwa hiyo Mhina alipoketi mbele ya mtambo hakutazama siku zote tatu. Alitafuta asubuhi ya mwisho, kama wafiwa wote wanavyofanya.

Mvua. Kibaraza. Mwasiti amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele, na paka yuko hatua tatu mbele yake. Uso una ukungu, lakini ni yeye, kainamisha shingo vile vile upande wa kushoto. Amenawiri kidogo, Mhina aliwaza, ndoa imemkubali, na mawazo hayo yakamkata maini. Kanga kajifunga juu ya kifua. Korosho zake kubwa zinaonekana. Maandishi hayasomeki. Rangi yake ni ile ile ya maji ya mto.

Nyekundu au kijani. Alijaribu kila alilolijua. Nyekundu kwa paka huwa nzito kidogo, lakini mwanga wa mvua chini ya bati huvuruga kila kitu. Alinunua kanga ya kijani ya korosho ile, akaichukua nyekundu ya Mwajabu kabatini bila kumwambia, akaazima paka wa jirani na dagaa wa kumtuliza, akazikunja kanga zote mbili, ncha zikafichika ndani, akazianika uani siku ya mvua. Alilowa chapachapa. Kisha akasoma punje ya paka yule, akazitazama kanga zile zikiwa bega kwa bega kwenye kioo cha mtambo. Hata angetishiwa kifo asingeweza kusema ipi ni ipi.

Basi alikuwa na mwanawe mbele yake, amemwona, na bado hajui. Alilala chali sakafuni mwa karakana, akalia kwa sauti, na paka wa jirani akaendelea kula dagaa.

Siku nne hakula kitu cha maana.

*

"Baba Mwasiti," Mwajabu alimwambia siku ya tano asubuhi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mahali ambapo kwa kawaida hafiki. "Paka amerudi wiki nzima sasa. Wewe huli, husemi. Umemwona mtoto, nami nijue. Alijifunga?"

Mhina alifungua kinywa amwambie sijui. Ndilo jibu alilowapa wafiwa miaka yote. Wengine walimlaani kwa jibu hilo, na mzee mmoja alimpigia magoti hapo hapo amtilie mkewe rangi ya gauni alilolisahau, akamkatalia.

"Nipe mpaka adhuhuri," alisema.

Kutia nyekundu hakuchukui muda. Ni kuuambia mtambo tu, nao unaitandaza penye korosho zote, unaipunguza kivulini, unaipaka kidogo chini ya kidevu pale nguo inapoakisi ngozi. Alipomaliza, Mwasiti alikuwa amekaa kibarazani katika kanga nyekundu ya mzazi wake, mzima, mzuri, na Mhina mwenyewe kwa muda wa pumzi mbili aliamini.

Mwajabu alitazama akiwa amesimama. Alikisogelea kioo, akainama, akatazama sana chini, penye ncha ya kanga, kisha akapanda usoni. Akalia. Alilia akishika meza, akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, mwanangu. Mhina akamshika mabega. Mchana ule walikula pamoja ugali na mchicha, na ilikuwa mara ya kwanza sahani yake kurudi tupu tangu paka aletwe.

Kesho yake Mwajabu alitoka chumbani amejifunga kipande chake.

*

Aliivaa kila siku. Anaifua jioni, anaivaa asubuhi. Mhina alipomwona hivyo alifarijika, kisha akaona aibu, kisha akazoea, kwa kuwa mtu huzoea. Hadi asubuhi moja Mwajabu alipokuwa uani akikuna nazi, amekaa juu ya mbuzi, na ncha ya kanga imeangukia mguuni mwake. Upindo wake ulikuwa mpana kama kidole, umeshonwa kwa uzi mnene uliopita huku na huku mara nyingi. Uzi wa buluu.

"Huu uzi mbona wa buluu?" Mhina aliuliza.

Mwajabu hakuacha kukuna. "Mwekundu uliniishia. Na wewe ulikuwa umesimama kichwani mwangu, unataka mzigo uwahi basi la saa nane. Vipande vyote viwili nilivipinda kwa uzi huo huo." Akainua macho, akamtazama kwa muda. "Hukuwa unajua?"

"Wanaume tutajulia wapi mambo ya pindo."

Aliondoka pale akitembea polepole, akaufunga mlango wa karakana, akaitazama tena picha ya kibarazani. Buluu paka anaiona. Kanga ya kibarazani haikuwa na upindo wa buluu. Basi ilikuwa ya kijani, ya wifi yake, na mwanawe hakumsamehe.

Ungemwonea huruma kama ungeona alichofanya baadaye. Hakusema basi, nimeumbuka. Alisema: Mwajabu ataomba kuiona tena, na akiiona tena ataukosa upindo wake. Lazima niutie. Mtu aliyepigania sheria ya shahidi alikaa kitini kuupamba uongo wake ili ukae sawa. Na kwa kuwa alikuwa fundi, hakutaka buluu ya kubahatisha. Alitaka buluu ya nyumba ile ile, katika mwanga ule ule, jinsi jicho la paka yule lilivyoipokea. Akauambia mtambo upekue siku zote tatu, umletee kila penye buluu.

Ukaleta ndoo. Ukaleta kifuniko cha chupa ya chai. Ukaleta kipande cha anga. Kisha ukaleta chumba, siku mbili kabla ya maji.

Kitanda. Juu ya kitanda kikapu cha ukili. Paka anakisogelea, bila shaka kukikagua kama desturi yake, na ndani ya kikapu kuna kanga iliyokunjwa mara nne, mpya, haijafuliwa hata mara moja. Korosho. Na pembeni mwa mkunjo, wazi kabisa katikati ya kijivu chote kile, mstari mnene wa buluu. Juu ya kanga pamewekwa soksi mbili za manjano, kila moja yatosha kidole gumba. Paka anaweka mguu kikapuni. Mkono unaingia, mkono wa Mwasiti, unamsukuma taratibu kwa mgongo wa kiganja. Uso wake unashuka karibu, midomo inamwambia paka jambo, inatabasamu. Mkono wa pili uko tumboni.

Mhina aliusimamisha mtambo. Akatoka nje, akarudi, akachukua simu.

"Shikamoo, baba."

"Mbaruku. Ilikuwa miezi mingapi?"

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

"Mitano," Mbaruku alisema. Alikuwa analia. "Nisamehe, baba. Niliona mmeshabeba msiba mmoja. Wa pili nikasema niubebe mwenyewe."

"Na kanga?"

"Hakutaka kuivaa. Alisema mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwao. Ikitimia miezi saba angekuja, aingie kwako na kanga ile mkononi, mtoto mje mumpokelee humo. Nikamwambia basi waambie, wazee wanangoja. Akasema hapana, siyo kwenye simu. Anataka amwone baba yake uso wakati anavuka mlango."

*

Fikiria mzigo huo. Mkewe ana uongo unaomtosha: binti alijifunga, alisamehe, yameisha. Ukweli nao unasema alisamehe, tena zaidi ya walivyoomba, lakini hauji peke yake. Unakuja na mjukuu ambaye Mwajabu hakujua kuwa yupo, na anampoteza hapo hapo anapompata. Amwache na nyekundu yake? Nani angemlaumu? Siku mbili Mhina alimtazama mkewe akifagia, akipika, akiifua ile kanga, na kila alipotaka kunyamaza aliiona midomo ile ikimwambia paka jambo. Mwasiti alitaka waujue ukweli huu ana kwa ana. Mhina hakuwa na haki ya kuwanyima tena, si binti wala mama yake.

Siku ya tatu, baada ya chai, alikileta kioo sebuleni.

"Mama Mwasiti, kaa. Nina kitu sikukitia rangi." Sauti ya kazini ilikataa kuja. "Kwanza ile nyekundu niliyokuonyesha."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Haikuwa na upindo wangu." Mwajabu aliongea kwa utulivu, mikono mapajani. "Mimi ndiye niliyeipinda kanga ile. Nilitazama ncha kabla sijatazama uso."

"Mbona ulilia, basi? Mbona ukashukuru?"

"Ulikuwa hujala siku nne, Baba Mwasiti. Nilipolia, ulikula."

Mhina alijifunika uso. Miaka thelathini na moja ameishi na mwanamke huyu, na hakujua anaweza kubeba jambo zito hivyo na bado akakuna nazi. Akawasha kioo.

Mwajabu alikitazama chumba cha kijivu. Aliuona mstari wake wa buluu, akauonyesha kwa kidole bila kusema. Kisha akaziona soksi. Mhina alimwona anavyoziona. Mwanamke hahitaji kufafanuliwa soksi za ukubwa ule. Mkono ukaingia, ukamsukuma paka, uso ukashuka, na mkono wa pili ukawa pale ulipokuwa.

"Mingapi?"

"Mitano. Ya saba alikuwa anakuja kwako."

"Kwangu," Mwajabu alisema. "Mwanangu alikuwa anakuja kwangu." Akalia, na safari hii hakutaja shukrani wala hakushika meza. Alilia kama mtu anayetapika, na Mhina akalia pamoja naye sakafuni, wazee wawili wameshikana, hakuna anayemficha mwenzake kitu.

"Rudisha," alisema hatimaye.

Akarudisha. Mara tatu.

"Anamwambia nini paka?"

"Punje haishiki sauti, mke wangu."

Mwajabu alijifuta uso. Akasimama, akafungua kanga yake kiunoni, akabaki na gauni. Akaikung'uta, akaikunja mara mbili, kisha mara mbili tena, upindo wa buluu ukakaa pembeni. Akatoa vitunguu kwenye kikapu kilichokuwa karibu na kabati, akakipangusa ndani kwa kiganja, akailaza kanga humo.

Bwana Afya alikuwa ameyaona yote hayo akiwa chini ya kiti. Akatoka, akajinyoosha, akakiendea kikapu, akanusa, akapandisha mguu mmoja.

Mwajabu aliinama, akamsukuma taratibu kwa mgongo wa kiganja.

"Toka hapo," alimwambia. "Siyo yako hii. Ina mwenyewe."

Kioo kilikuwa bado kinawaka. Mhina alitazama midomo ya mkewe, akatazama ile iliyoganda kiooni, na akajua alichoambiwa paka siku ile Korogwe. Bwana Afya akashuka bila ugomvi, akaenda kujilaza juu ya kizingiti, na Mhina akaufungua mlango wote.